Ofisi ya Wazee Ikifikia Tarehe Yake ya Mwisho

Nyumbani wanatutania kwamba tulipanda ndege kuja kuosha vizee. Sawa, tumeosha. Lakini ukiifanya kazi hiyo Texas miaka miwili mitatu, unajua jambo ambalo wabunge wa jimbo hawalijui: saa tisa ya usiku kengele ikilia chumba cha mwisho kule koridoni, nani anaiitikia, na baada ya muda gani. Kama huajiriwi kwenye makao ya wazee ila umemleta mama yako akae nawe Houston au Dallas, basi unajua muziki wa simu hupigwa dakika ngapi kabla mtu wa ofisi ya huduma hajasema haloo. Ujuzi huo una soko lake. Kila baada ya miaka kadhaa bunge la Texas hukaa kuuliza kama ofisi fulani ya serikali iendelee kuwepo, na zamu ya ofisi inayoshughulikia wazee ikifika, mtu yeyote anaruhusiwa kusema. Hapa nakueleza namna ya kusema ukasikika.

Jambo la kwanza linaloshangaza watu wa kwetu ni kwamba ofisi ina tarehe ya kufa. Tanzania, taasisi ya umma ikishaundwa kwa sheria huishi mpaka sheria nyingine iifute, na ni nadra mtu kuwa na haraka ya kufuta. Texas, tangu 1977, ofisi nyingi za jimbo huandikiwa tarehe ya mwisho ndani ya sheria iliyoziunda, kwa kawaida miaka 12 mbele. Bunge lisipopitisha sheria ya kuziongezea muda, zinafungwa. Utaratibu huo wanauita Sunset, machweo. Colorado ndiyo iliyotangulia, mwaka 1976, na baada ya miaka michache majimbo 36 yalikuwa na sheria za namna hiyo, ingawa baadhi yalichoka yakaziacha. Alaska hadi leo inaitumia kwa baraza lake la wazee, Alaska Commission on Aging: wakaguzi wa bunge hulipekua kabla tarehe yake haijafika, kisha bunge huamua liongezewe miaka mingapi. Uliko si Texas? Muulize mbunge wako wa jimbo kama kwenu jua linazama. Mengi ya hapa chini yatakufaa.

Sasa kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na nililifanya mimi pia. Ukisikia ofisi ya wazee inajadiliwa kufutwa, unakurupuka kuitetea ofisi. Unakusanya sahihi, unaandika "msituondolee ofisi yetu". Subiri kwanza, nikupe historia fupi.

Mwaka 1981 Texas ilikuwa na idara ya wazee yenye jina lake, Texas Department on Aging. Mwaka 2003 bunge lilipitisha sheria kubwa iliyozikusanya idara 12 za afya na ustawi wa jamii katika tano. Idara ya wazee ikamezwa, na tarehe 1 Septemba 2004 ikazaliwa nyingine iitwayo DADS, ambayo ilichanganya wazee na watu wenye ulemavu. Miaka kumi baadaye DADS nayo ikafikiwa na Sunset. Sheria ya 2015, muswada namba 200 wa Seneti, ikaamua ivunjwe, na tarehe 1 Septemba 2017 DADS ikafungwa. Kazi zake zikaingia HHSC, tume ya jimbo ya afya na huduma za jamii, jitu linalosimamia pia Medicaid, msaada wa chakula na mambo mengine mengi.

Je, wazee walikosa chakula cha kupelekewa nyumbani? Hapana. Ofisi ikifa, kazi yake inabaki palepale, kwa sababu imeshikwa na kamba nyingine. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, mwenyewe mtu wa Texas, alisaini sheria ya shirikisho ya wazee, Older Americans Act. Sheria hiyo hutoa fedha kwa jimbo kwa sharti kwamba jimbo lichague ofisi moja ya kuwajibika kwa wazee. Jimbo likikosa ofisi hiyo, fedha hazina pa kushukia. Ndiyo maana katika mabadiliko yote hayo mashirika ya wazee ya kanda, ambayo Texas yako 28, yaliendelea na kazi, na mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, yule wanayemwita ombudsman, aliendelea kuwapo.

Kwa hiyo swali lako lisiwe kama ofisi ibaki au iondoke. Uliza kazi hii itaangukia meza ya nani, na meza hiyo ina mafaili gani mengine tayari. Wazee wakiwa na idara yao, mkuu wa idara akiitwa bungeni hana mtu mwingine wa kumzungumzia isipokuwa wazee. Wakiingia kwenye jitu lenye mamilioni ya watu wa Medicaid, wanakuwa droo moja kwenye kabati, na droo hufunguliwa siku mtu anapoipigia kelele. Mimi sioni kwamba kuunganisha ni kubaya kila mara. Mama aliyekuwa akipiga simu ofisi tatu kwa jambo moja ana haki ya kufurahi zikiwa moja. Lakini mtu anayetetea bango la mlangoni hupoteza nguvu zake, na wenye hila wanapenda uzipotezee hapo.

Anza na tarehe. Sheria ile ya 2015 iliiandikia HHSC mwaka 2027. Hakikisha mwenyewe kwenye tovuti ya Tume ya Sunset, chombo cha bunge kinachozitathmini ofisi hizi, kwa sababu bunge huwa na mkono mwepesi wa kusogeza tarehe hizi, na kila baada ya kikao orodha hubadilika. Bunge la Texas hukutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku 140. Tathmini yenyewe huanza mapema zaidi, karibu miaka miwili kabla ya tarehe ya mwisho, ofisi inapotakiwa kuwasilisha ripoti ya kujitathmini. Ukisubiri mpaka wabunge wafike Austin, umefika msibani watu wanakunja mikeka.

Isome ile ripoti ya kujitathmini. Ni ndefu na inachosha, ila ina sehemu moja tamu: ofisi hutakiwa kueleza malalamiko iliyopokea na jinsi yalivyoshughulikiwa. Tafuta hesabu za malalamiko, muda wa kuyafunga, na yaliyofungwa bila hatua. Linganisha na unayoyajua. Ulilalamika mara mbili mwaka jana ukajibiwa kwa barua ya mistari minne? Barua hiyo sasa ina kazi.

Tume yenyewe ina watu 12: maseneta watano, wawakilishi watano, na wananchi wawili wasio wabunge, mmoja akichaguliwa na Naibu Gavana na mwingine na Spika. Uenyekiti hupokezanwa kati ya mabaraza mawili ya bunge. Hao ndio utakaowaona mbele kwenye viti virefu. Lakini wanaofanya upekuzi ni watumishi wa Tume, kundi dogo la wachambuzi, wengi wao vijana wanaosoma kila karatasi, na hao ndio wa kuwatafuta kwanza.

Kwa wewe uliyeajiriwa, hatua hii ni ya dhahabu. Kabla ripoti ya watumishi haijatoka, unachowaeleza ni siri kwa mujibu wa sheria. Makaratasi yao ya kazi hayatolewi hadharani. Ripoti ikishachapishwa mambo yanageuka: maoni utakayotuma baada ya hapo huwekwa kwenye tovuti, na jina lako likiwemo. Kwa hiyo lenye kuogopesha liseme mapema, kwa simu au kwa barua pepe kwenda kwa watumishi. Lile unaloweza kulisema mbele ya bosi wako, lihifadhi kwa siku ya kikao. Nimewaona wenzetu wakifanya kinyume: wananyamaza mwaka mzima, kisha wanasimama hadharani kumwaga yote, na kesho yake zamu zao zinapunguzwa kimyakimya. Sheria ya Texas inakataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi wa makao ya wazee kwa kuripoti unyanyasaji, ndiyo, lakini kushinda kesi na kulipa kodi ya nyumba mwezi huu ni mambo mawili tofauti.

Na usichanganye mlango. Mzee wa kwenye makao akipigwa, akiachwa na kidonda, akiibiwa, hiyo ni taarifa ya kutoa HHSC mara moja, na pia kwa ombudsman. Sunset haishughulikii kesi ya mtu mmoja. Inachotaka ni kujua kwa nini kesi kumi zinazofanana zimeishia palepale. Ukienda na kesi ya mama yako peke yake watakusikiliza kwa upole, watakupa namba ya kupiga, na hutaonekana ndani ya ripoti. Nenda na mama yako pamoja na majirani zake wawili waliokutana na ukuta uleule, na mchambuzi atachukua kalamu.

Mfano mzuri ni suala la faini, lililojitokeza sana wakati wa tathmini ya DADS mwaka 2014 na 2015. Sheria iliwapa wenye makao ya wazee haki ya kurekebisha: kosa likigunduliwa, wakilirekebisha ndani ya siku 45, faini inaondoka, isipokuwa kwa aina fulani za makosa mazito. Kwenye karatasi inasikika kama busara. Kwa anayefanya kazi ndani, maana yake ilikuwa nyingine. Kosa linarekebishwa, mkaguzi anaondoka, kosa linarudi, linarekebishwa tena. Hakuna mzee mmoja ambaye angeweza kuonyesha hilo kwa kesi yake, lilionekana kwenye mfululizo. Mwaka huohuo wa 2015 ikapita sheria ya mara tatu: makao yakikutwa na makosa matatu ya kuhatarisha maisha yanayohusu unyanyasaji au kutelekeza wakazi, katika siku tofauti ndani ya miezi 24, leseni inanyang'anywa. Jambo la namna hiyo huanza kwa mtu aliyeandika tarehe kwenye daftari.

Basi weka daftari. Tarehe, saa, kilichotokea, uliyemwambia, alichojibu. Usiandike jina la mzee wala namba ya chumba chake. Faragha ya mgonjwa inalindwa kisheria na utajitia matatani wewe. Usipige picha. Usichukue karatasi ya kazini. Kumbukumbu yako iliyoandikwa siku ileile inatosha.

Ripoti ya watumishi ikitoka, usihangaike kuisoma yote usiku mmoja. Imegawanywa kwa hoja, na kila hoja ina mapendekezo yake. Tafuta hoja zinazogusa kazi unayoijua, kisha fuatilia vitenzi. "Kuhamisha" ni tofauti na "kufuta". "Itafanya" ni tofauti na "inaweza kufanya", na tofauti hiyo imemeza huduma nyingi. Kazi iliyokuwa lazima kisheria ikihamia ofisi mpya kwa maneno ya "inaweza", bajeti ya kwanza ikibana ndiyo itakayokatwa. Andika pembeni kila kazi ya ofisi ya zamani, kisha itafute kwenye ofisi mpya, moja moja, kama ulivyokuwa ukihesabu mizigo mkishuka basi Ubungo. Isiyoonekana, hiyo ndiyo hoja yako.

Kisha kinakuja kikao cha kusikiliza wananchi, Austin, kwenye jengo la bunge. Jengo la 1888 hilo, la graniti nyekundu yenye rangi ya waridi ambayo wachonga mawe huiita kwa jina la rangi ya machweo. Sijui kama wabunge wanaona utani uliomo. Vyumba vingi vya vikao viko chini ya ardhi, kwenye sehemu iliyofunguliwa 1993, na simu huko chini hushika kwa shida, hivyo mwambie mwenye gari mapema mtakutana wapi. Si lazima uwe raia ili utoe maoni. Unajiandikisha, unasema ni hoja ipi, na kama unaunga mkono, unapinga, au upo katikati. Kama Kiingereza kinakukwamisha, uliza habari ya mkalimani siku kadhaa kabla, usiulizie mlangoni.

Halafu unapewa dakika chache, mara nyingi mbili au tatu, na hapo ndipo malezi yetu hutuponza. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya kamati ya wabunge nilianza kama nilivyofundishwa: Mheshimiwa Mwenyekiti, awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, napenda pia kukushukuru wewe binafsi na wajumbe wa kamati yako tukufu. Nilikuwa bado sijamaliza kushukuru taa ya kupima muda ilipogeuka ya njano. Nikakimbia, nikaruka ukurasa, nikamaliza kwa kusema jambo ambalo halikuwamo hata kwenye karatasi yangu. Mwenyekiti alinishukuru kwa adabu kubwa na akamwita anayefuata.

Siku hizi naandika kwanza kwa Kiswahili, ili nijue ninachotaka kusema, ndipo nakigeuza Kiingereza, na naisoma mbele ya kioo nikiwa na saa. Salamu ni neno moja. Mfano, wa mtu wa zamu ya usiku:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni msaidizi wa wauguzi, nimefanya zamu ya usiku miaka sita. Naongelea hoja ya ukaguzi wa makao ya wazee. Wakaguzi walipokuja kwetu walikuja mchana, siku ya kazi, wakatukuta wasaidizi saba. Usiku, wazee walewale arobaini, tunabaki wawili. Mzee mmoja mzito kumgeuza ni kazi ya watu wawili. Wakati huo kengele nyingine yoyote inalia bila mtu. Ratiba ukutani inaonyesha waliopangwa, haionyeshi waliofika. Naomba muswada uilazimishe ofisi itangaze kila mwaka ni kaguzi ngapi ilizifanya usiku na mwisho wa wiki, na katika makao yapi. Nipo tayari kwa swali."

Hakuna kilio ndani yake, ingawa kuna mengi ya kulilia. Kuna idadi, kuna jambo moja la kufanyika, na kuna pa kuliandika kwenye muswada. Ile "nipo tayari kwa swali" usiisahau. Muda wa kujibu swali la mjumbe hauhesabiwi kwenye dakika zako, na mjumbe mmoja akivutiwa utakaa hapo robo saa.

Beba nakala za maandishi yako za kuwatosha wajumbe wote. Vaa unavyovaa kanisani au msikitini. Utasubiri: wakubwa wa ofisi na wawakilishi wa wenye makao ya wazee huwa na nafasi yao, na zamu ya wananchi inaweza kufika jioni, kwa hiyo usipange zamu usiku ule.

Baada ya hapo Tume hupiga kura juu ya mapendekezo, na yanageuka muswada. Mwandikie mbunge wako na seneta wako wa jimbo, aya mbili tu, ukitaja hoja na kifungu. Wengi hupuuza hatua hii kwa kudhani mambo yamekwisha, kumbe muswada wa Sunset ni lori ambalo kila mtu anataka kupandisha mzigo wake, kwa kuwa wanajua lazima lifike. Na lisipofika? Mwaka 2017 muswada wa kuiongezea muda Bodi ya Madaktari ya Texas ulikwama katika mvutano wa wabunge, ikabidi Gavana Greg Abbott aite kikao maalumu mwezi Julai ili bodi isife. Ofisi isiyoongezewa muda hupewa mwaka mmoja wa kufunga mafaili, si kwamba taa zinazimwa usiku uleule. Mweleze mama hivyo akianza kuhofia chakula chake.

Mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Septemba. Wiki hiyo chukua ile namba ya simu ya zamani iliyobandikwa kwenye friji ya mama, ipige mchana, kisha ipige tena baada ya saa za kazi. Andika kwenye daftari nani alipokea, baada ya dakika ngapi, na alikuelekeza wapi. Rudia baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Ofisi mpya nayo imeshaandikiwa tarehe yake.